Vazi la ngozi lililofuliwa kama shuka: kisa kutoka Uyui, Tabora

Vazi lilifika kwa fundi mjini Tabora mwezi Machi, ndani ya mfuko wa salfeti, gumu kiasi kwamba lilipotolewa lilisimama lenyewe sakafuni kama ubao. Ni vazi la mcheza ngoma kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Uyui: ngozi mbili za mbuzi zenye manyoya yake, moja ya kifuani na moja ya mgongoni, zimeunganishwa mabegani kwa kamba za ngozi zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Pindo la chini limeshonewa utepe wa kaniki, na juu ya utepe zimepangwa shanga za kioo na kauri, yaani yale makombe madogo ya baharini. Pamoja nalo ililetwa mikanda miwili ya njuga za miguuni, na kofia yenye kipande cha ngozi ya mbega.

Aliyelileta ni mjukuu wa mwenye vazi.

"Shikamoo, mzee. Nguo ya babu hii. Nimeifua ikakakamaa. Pasaka tunacheza, italainika?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Uliianika wapi?"

"Kivulini."

Jibu hilo la mwisho halikuwa kweli, na ngozi yenyewe ndiyo iliyomsuta. Tutafika huko.

Kofia ilirudishwa siku ile ile bila kuguswa. Mbega ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kukaa na nyara bila kibali ni kosa. Fundi anayeilaza nyara karakanani kwake anajiingiza katika swali hilo hilo. Familia ilishauriwa ianzie ofisi ya wanyamapori, kisha ndipo yazungumzwe mambo ya brashi na mafuta.

Ngozi ya aina gani?

Watu husema "ngozi" kana kwamba ni kitu kimoja. Ziko tatu, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Chungulia ukingo uliokatwa. Ngozi iliyosindikwa, yaani iliyotiwa dawa isioze, kwa kromu kiwandani, kama ya viatu vingi vya dukani, ina rangi ya kijivu au ya samawati katikati ya unene wake. Iliyosindikwa kwa magome ya miti, ya mgunga kwa mfano, ni kahawia toka juu hadi ndani. Ya jadi, ile iliyowambwa kwa vigingi, ikaparwa nyama, ikapakwa mafuta na kufikichwa mpaka ikalegea, katikati ni nyeupe au njano nyepesi, na sehemu zake nyembamba hupitisha nuru ukiziinua kwenye mwanga.

Hii ya tatu haijasindikwa. Ni ngozi mbichi iliyokauka. Ulaini wake unatokana na vitu viwili tu: mafuta yaliyojipenyeza kati ya nyuzi zake, na mikono iliyozizuia nyuzi hizo zisishikane wakati wa kukauka. Ndiyo maana ngozi ya kuwambia ngoma na ngozi ya vazi zinaweza kutoka kwa mbuzi wa zizi moja: moja iliachwa ikaukie kwenye mwambo, nyingine ilifikichwa. Vazi likiloa, mafuta yakatoka, kisha likakauka bila mkono wa mtu, linarudi kuwa ngozi ya ngoma. Hilo tu lingetosha kueleza ugumu wa vazi la Uyui, ila kulikuwa na zaidi.

Ngozi hizi hutofautiana pia kwa kuvumilia joto. Ngozi mbichi iliyoloa husinyaa ghafla ikifika nyuzijoto 60 hadi 65 hivi. Ya magome hufika kati ya 70 na 85. Ya kromu inaweza kupita 100. Kusinyaa huku si kule kwa shati la pamba, ambalo ukilivuta linarudi. Hapa protini ya ngozi, yaani kolajeni, hujikunja na kuanza kugeuka gundi. Haigeuki tena kuwa ngozi. Tena ngozi iliyokwisha kulegezwa na magadi au sabuni kali husinyaa hata kabla ya kufika nyuzijoto hizo.

Vazi lenyewe lilikuwa la aina ya tatu. Mikanda ya njuga ilikuwa ya aina ya pili, kahawia mpaka ndani. Basi mchezaji mmoja, seti moja, matunzo mawili.

Maswali mawili kabla ya kulikunjua

La kwanza: mbuzi alichinjwa, au alikufa mwenyewe? Vijidudu vya kimeta hudumu ndani ya ngozi kavu kwa miaka mingi, na vumbi linalotimka wakati wa kupiga brashi ndilo njia yake ya kuingia kifuani. Ngozi isiyojulikana mnyama wake alikufaje haipigwi brashi. Inapelekwa kwanza kwa daktari wa mifugo. Mzee mwenye vazi aliulizwa kwa simu, akasema mbuzi wote wawili walichinjwa nyumbani kwa sherehe.

La pili: limewahi kunyunyiziwa dawa gani? Swali hili ni zito zaidi Tabora kuliko linavyoonekana, kwa sababu katika nyumba nyingi za wakulima wa tumbaku hakosi mtu aliyebakiza dawa ya shambani, na dawa hiyo hiyo ikaonekana inafaa kwa wadudu wa sandukuni. Katika mishono ya mabega kulikuwa na unga wa kijivu. Hakuna aliyekumbuka ni nini. Unga usiojulikana unahesabiwa kuwa sumu, kwa hiyo kazi yote ya brashi ilifanyika nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa glovu na barakoa, na takataka zikafungwa kwenye mifuko miwili badala ya kutupwa motoni. Tena familia ikapewa sharti lisilo na mwisho: vazi hili halivaliwi juu ya mwili mtupu. Fulana ya pamba chini yake, daima. Mchezaji akitoka jasho, mwili ulioloa hupitisha sumu kwa urahisi zaidi, na brashi haiwezi kutoa kilichozama ndani ya ngozi ya vazi.

Lilivyofika hapo

Hakuna mtu mzembe katika kisa hiki. Kila hatua iliyoliharibu vazi ingekuwa hatua sahihi kwa nguo au kwa kiatu.

Kwa miaka mingi vazi lilikaa juu ya kichanja, katika nyumba ya bibi, juu ya mafiga. Moshi ulilikausha kila siku, wadudu hawakulipenda, na kemikali zilizomo ndani ya moshi zilikuwa zinalisindika taratibu bila mtu kukusudia. Familia ilipojenga nyumba ya tofali na bati, jiko likahamia banda la nje, na vazi, kwa heshima, likapewa sanduku la bati chumbani. Kwa maoni yetu hapo ndipo uharibifu ulipoanzia, kabla sabuni haijanunuliwa.

Agosti, siku ya Nane Nane, vazi lilichezwa mchana kutwa. Jioni lilikunjwa likiwa na jasho, likatiwa kwenye mfuko wa nailoni na kufungiwa sandukuni, na sanduku likawekwa juu ya sakafu ya saruji, limeegemea ukuta wa nje. Jasho likikauka huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Wakati wa kiangazi hilo halionekani. Mvua za Tabora zinaanza Novemba, na kuanzia hapo hewa ya sandukuni ikazidi unyevu wa asilimia 65 hadi 70 ambao ukungu unauhitaji. Usiku bati linapoa, matone yanaganda kwenye kifuniko kwa ndani, yanadondoka.

Januari sanduku lilifunguliwa kwa ajili ya harusi. Madoa meupe, harufu ya chumba kilichofungwa. Kijana akafanya ambacho mtu yeyote angefanya: beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, dakika 40. Sabuni ya unga ina ukali wa magadi. Viwandani, ukitaka kuondoa manyoya kwenye ngozi unailoweka kwenye chokaa; vijijini walitumia maji ya majivu. Sabuni ya unga inaelekea njia hiyo hiyo, polepole. Inavimbisha ngozi, inalegeza mashina ya manyoya, na inaosha mafuta yaliyokuwa yanaifanya laini. Manyoya yalibaki ndani ya beseni kwa mafungu.

Akalianika. Likakauka likiwa bati. Akalipaka kikombe kizima cha mafuta ya alizeti ya kupikia, likalainika kwa siku mbili, tatu, kisha likaanza kunata. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani huganda taratibu kuwa utomvu. Vumbi la barabarani likanasa humo, panya wakasikia harufu ya chakula, wakatafuna matundu mawili upande wa kiunoni.

Ngozi ilichosema

Mgongoni kulikuwa na mistari miwili migumu, myeusi, inayong'aa kidogo kama gundi ya seremala, yenye urefu wa zaidi ya shubiri. Umbali kati ya mstari na mstari ulikuwa sentimita 7.6. Anayejua mabati ya mgongo wa mawimbi atacheka: milimita 76 ndiyo nafasi ya kawaida kati ya wimbi na wimbi. Vazi halikuanikwa kivulini. Lilitandazwa juu ya paa jua la mchana likiwaka, na kila mahali mgongo wa bati ulipogusa ngozi iliyoloa, kolajeni ilipikwa. Kijana alipoonyeshwa rula alikubali bila ubishi. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, alikuwa anawahi mvua.

Kwingineko ngozi ilisinyaa kwa kukauka tu, na kipimo cha kusinyaa huko kilikuwa kimeshonwa kwenye vazi lenyewe. Utepe wa kaniki haukusinyaa. Ulikuwa na urefu wa sentimita 71 ukinyooshwa, lakini pindo la ngozi lililoshonwa nao lilikuwa sentimita 63, na utepe umejikunjakunja kati ya shono na shono. Sentimita nane zimepotea, kama asilimia 11. Kila unapopata nguo iliyoshonwa juu ya ngozi, pima vyote viwili kabla ya kugusa chochote. Bila kipimo hicho hutajua kama kazi yako inasogea.

Madoa meupe yalikuwa ya aina tatu, na kuyachanganya ndilo kosa linaloonekana mara nyingi zaidi kwa mafundi wenyewe. Upande wa nyama, kiunoni, kulikuwa na ukungu: una nyuzinyuzi, unanuka, ukiupangusa unatapakaa. Mabegani kulikuwa na chumvi ya jasho: chembe ngumu zinazoyeyuka ukizigusa kwa pamba yenye unyevu. (Usijaribu kwa ulimi. Kumbuka ule unga wa kijivu.) Kwenye mikanda ya njuga weupe ulikuwa mafuta ya ngozi yenyewe, yaliyopanda juu na kuganda, ukisogeza kijiko cha moto karibu yake bila kugusa, yanatoweka. Mafuta hayo si ugonjwa. Yanapanguswa kwa kitambaa kikavu na mkanda unaendelea na maisha yake.

Kazi yenyewe

Ilichukua wiki sita, na sehemu kubwa ya wiki hizo ilikuwa ya kusubiri. Pasaka ilipita.

Kwanza vazi lilitandazwa bapa juu ya wavu wa mbu uliowambwa kwenye fremu ya mbao, chumbani penye madirisha mawili yanayotazamana, siku tano. Halikuangikwa, ngozi iliyodhoofika inachanwa na uzito wa shanga zake. Ukungu ukikauka unakuwa unga na unatoka kwa brashi laini ya nguo. Ukiwa bado na unyevu unausugulia ndani. Brashi ilipigwa kufuata mlalo wa manyoya, kutoka shingoni kwenda chini, na upande wa nyama ulimaliziwa kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, iliyokwaruzwa kwenye kikwaruzo cha karoti. Chembe zake zinasambazwa juu ya ngozi, zinazungushwa taratibu kwa vidole, zinapanguswa pamoja na uchafu. Raba mbili zilitosha ngozi zote mbili. Wengine hutumia unga wa mahindi kwa kazi hii, nao unasafisha kweli, lakini unaobaki kwenye mishono ni posho ya wadudu.

Pale ukungu ulipoacha kivuli, pamba iliyochovywa kwenye spiriti iliyochanganywa na maji, sehemu saba za spiriti kwa tatu za maji, iliguswaguswa mara moja na kuachwa ikauke. Ilijaribiwa kwanza pembeni, kwa sababu spiriti hutoa mafuta na inaweza kuchuja rangi ya kaniki. Chumvi ya mabegani iliondolewa kwa pamba yenye unyevu wa maji tu, iliyokamuliwa mpaka ikawa haitoi tone, kipande kipya kila mara.

Mafuta ya alizeti ndiyo yaliyosumbua kuliko yote. Utomvu mzito ulikwanguliwa kwa kijiti cha mwanzi kisicho na makali. Kisha upande wa nyama ukamwagiwa unga wa chaki, unene wa nusu sentimita, ukaachwa saa 24, ukapanguswa. Mara ya kwanza chaki ilitoka njano, ya pili kahawia hafifu, ya tatu karibu nyeupe. Kilichobaki kwenye manyoya kilifutwa kwa pamba yenye spiriti kidogo, shungi moja moja. Mafuta ya taa na petroli, ambavyo mtu atakushauri, vinabeba uchafu kuuingiza ndani zaidi na kuacha harufu isiyotoka, mbali na hatari ya moto.

Baada ya hapo likaja swali la wadudu. Katika mshono wa bega kulikuwa na maganda ya mabuu ya dudu wa ngozi, yale yenye vinyweleo vya kahawia. Vazi lilipokauka kabisa lilifungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, hewa ikabanwa nje, likalazwa siku 14 kwenye friza ya muuza samaki kwa nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, hesabu inaanza upya. Likitolewa halifunguliwi mpaka saa 24 zipite, la sivyo unyevu wa hewa unagandia juu ya ngozi yenye baridi na kazi yote ya kukausha imepotea.

Ndipo kulainisha kukaanza, na hapa ndipo wengi hukimbilia mafuta. Mafuta hayaingii kwenye ngozi iliyoshikana; yanakaa juu. Nyuzi lazima zifunguliwe kwanza kwa unyevu wa hewa, siyo kwa maji. Pipa pana la plastiki liliwekewa taulo iliyoloa chini, kichanja cha fito sentimita 20 juu yake, vazi juu ya kichanja, na turubai juu ya yote bila kugusa ngozi. Saa tano mara ya kwanza. Kila saa mkono uliingizwa kupapasa ukingo: unatafuta ubaridi na kulegea, siyo kuloa. Likitolewa, linafikichwa kati ya viganja kwa dakika 20, kisha linaburutwa huku na huku juu ya ukingo wa ubao uliolainishwa, upande wa nyama ukiwa chini. Linawambwa kwa vibanio vya nguo kwenye fremu, kwa mvuto wa kunyoosha mkunjo tu. Zoezi hili lilirudiwa mara sita, siku moja ya kazi na moja ya mapumziko. Kulala ndani ya pipa ni marufuku; kwa joto la Tabora, ngozi mbichi yenye unyevu ikipita siku nzima, ukungu unarudi na manyoya yaliyobaki yanaanza kung'oka.

Ile mistari miwili iliachwa. Kuifikicha ni kuivunja kama kaukau.

Mafuta yaliyotumika: gramu 20 za nta, ambayo Tabora haitafutwi mbali, ndani ya mililita 100 za mafuta ya nyonyo. Mafuta ya ng'ombe yaliyochujwa au samli iliyochemshwa mpaka maji yote yatoke vinafaa pia, na ndivyo vilivyotumiwa na wazee, ila samli yenye maji hugeuka uvundo. Siagi ya mkebe haifai, ina maji na chumvi. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na msomaji aliyekuwa makini ameshaona tatizo: hapo ndipo ngozi mbichi yenye unyevu inaposinyaa. Mchanganyiko unayeyushwa ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye maji ya moto, unakorogwa mpaka upoe na kuwa kama marhamu, ndipo unapakwa. Vijiko viwili vya chai kwa kila ngozi, upande wa nyama tu, kwa kiganja, siku ambayo ngozi imetoka piponi na bado imelegea. Siku ya pili ziada inafutwa kwa khanga kuukuu. Mara tatu, siku tatu kati ya kila upakaji. Upande wa manyoya haukupakwa kabisa: manyoya yenye mafuta yananasa vumbi, na vumbi ni msasa.

Mapambo yalikwenda haraka. Kwenye waya wa shaba kulikuwa na utando wa kijani unaofanana na nta, unaotokea mafuta ya ngozi yanapoila shaba. Ulikwanguliwa kwa njiti ya meno. Kauri zilipanguswa kwa pamba yenye unyevu. Limau na siki, dawa za kwanza ambazo watu hutaja, zinayeyusha kauri kwa sababu kauri ni chokaa. Njuga zilipigwa brashi ya waya huku karatasi ngumu ikikinga mkanda, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila njuga. Madoa meusi kwenye mikanda chini ya njuga hayakuondoka wala hayakuguswa: kutu imeungana na dawa ya magome iliyomo ndani ya ngozi, na matokeo yake ni wino.

Matundu ya panya yalizibwa kwa nyuma kwa vipande vya ngozi nyembamba ya mbuzi, vilivyoshonwa kwa uzi wa pamba uliopakwa nta. Uzi wa nailoni una nguvu kupita ngozi yenyewe, nao unaikata. Sindano ilipitishwa kwenye matundu ya zamani kila ilipowezekana.

Kilichorudi na kisichorudi

Pindo lilitoka sentimita 63 likafika 67. Utepe bado una mikunjo, na usivutwe. Manyoya yaliyonyonyoka kifuani, kipande cha ukubwa wa kiganja, hayaoti. Mzee alikataa kubandikiwa mengine. Mistari ya bati itabaki, na siku moja ngozi itapasuka hapo, kwa hiyo kwa nyuma imeshikiziwa kitambaa cha pamba kinachobeba mvuto badala yake.

Kuhusu kichanja cha bibi, hatukubaliani na wanaosema vazi lirudi moja kwa moja juu ya mafiga. Masizi na cheche ni hatari za kweli, na mafuta mapya yanashika harufu. Lakini moshi baridi, mita mbili juu ya moto mdogo wa kuni kavu, saa mbili, mara tatu au nne mwishoni mwa masika, ni kinga nzuri kuliko vidonge vya naftalini, ambavyo mvuke wake haufai chumba wanacholala watoto wachanga. Muda uliobaki vazi linaviringishwa, manyoya nje, kwenye bomba la plastiki lililofungwa shuka kuukuu, linatiwa kwenye mfuko wa pamba na kuwekwa juu ya rafu, mbali na ukuta kwa kiganja kimoja. Sanduku la bati limepewa kazi nyingine.

Likitoka kuchezwa, linalazwa bapa usiku kucha kabla ya kuviringishwa, na mabega yanafutwa jasho usiku huo huo. Kuanzia Novemba mpaka Aprili linafunguliwa kila mwezi na kupewa hewa siku isiyo na mvua. Mafuta, kijiko kimoja cha chai kwa ngozi, mara moja kwa mwaka, Juni au Julai.

Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, pindo lilipimwa tena: sentimita 67, kama lilivyoachwa mwezi Mei. Kwenye mshono wa bega la kushoto yalionekana mabuu mawili, moja likiwa hai, basi likarudishwa kwenye friza ya muuza samaki kwa siku 14.